Mzee Mayunga: Hakimu au Mtumishi?

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Msicheke. Kazi ikikuacha kabla hujaichoka, huko nako ni kustaafu, hata kama hakuna aliyekupa kiinua mgongo wala aliyepika pilau la kukuaga. Kwa miaka saba nilitafsiri filamu kwa mdomo, kipaza sauti mkononi, katika kibanda umiza kimoja mjini Bariadi. Sasa nina kichumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi huku Binza, Maswa, ambako sauti yangu haina kazi zaidi ya kuuliza, "Nakala ngapi?"

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kwenye kazi ile leo. Mnaifanyia chumbani, mbele ya kompyuta. Mkikosea mnafuta, mkikohoa mnakata. Mtazamaji wenu yuko mbali, hawezi kuwarushia maganda ya karanga. Sisi tulikosea mbele za watu, na kosa likabaki pale pale, likakaa benchi la mbele na kututazama.

Juzi wawili wenu walikuja kutoa nakala za vyeti. Mmoja akanitambua kwa sauti, akauliza: "Dada Minza, eti katika filamu zote za Mzee Mayunga, ni ipi alicheza vizuri kuliko zote?"

Nilizima mashine kabisa. Swali hilo ndilo lililonitoa kazini, kwa hiyo siwezi kulijibu nikiwa nimesimama. Nalijibu hapa, na atakayechoka aruke aya.

Kwanza mjue Mzee Mayunga ni nani. Ni Mwingereza, mzee, mrefu, mwenye masikio makubwa na uso kama wa mtu aliyeambiwa "subiri kidogo" miaka arobaini iliyopita na bado anasubiri. Jina lake halisi linaandikwa mwisho wa filamu kwa herufi ndogo, wakati watu wameshasimama kutafuta ndala zao. Hajawahi kuwa steringi. Steringi ni yule kijana wa kwenye bango, asiyekufa. Mayunga ni yule anayemfungulia steringi mlango, au anayemdai tiketi, au anayemzika baba yake. Aliyempa jina hilo ni Maduhu, mwalimu wangu wa kazi, kwa sababu kwetu Usukumani Mayunga ni jina la mtu wa kuzurura. Leo ni mchungaji, kesho ni daktari wa meno, keshokutwa anauawa dakika ya arobaini, na Jumapili yuko hai kwenye filamu nyingine anamimina chai bila kuomba radhi. Shija, dereva wa toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, aliyekaa benchi la mbele kila siku akibishana na skrini, aliwahi kusimama akalalamika: "Huyu si tulimzika Alhamisi? Mimi hadi kofia nilivua!"

Niliingia kibandani kwa sababu ya shahada ya falsafa. Baba yangu, mkulima wa pamba kule Sola, alikishika cheti changu kwa mikono miwili, akakisoma mbele na nyuma, akauliza: "Sasa mayu, mama yangu, hiyo falsafa inapandwa mwezi gani?" Nilikaa miaka miwili nikisubiri msimu wake. Mwisho nikaja Bariadi kwa Mama Kashinje, mjane mwenye kibanda, ambaye wateja wake waliosoma walikuwa wameanza kulalamika kwamba msemaji wake anawadanganya.

Msemaji huyo ndiye Maduhu. Kabla ya filamu alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe, na sauti yake ilikuwa bado na vumbi la mnadani. Kiingereza alijua maneno kama mia moja, nusu yake ya kutukana. Mama Kashinje aliponitambulisha kwake kama "binti wa chuo kikuu atakayekusaidia lugha," alinitazama kuanzia kichwani hadi kwato, kama alivyowatazama ng'ombe, akasema: "Karibu. Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi umenizidi."

Siku yangu ya kwanza nilipewa filamu ya mahakamani. Mayunga alikuwa hakimu. Alipotokea tu na lile wigi jeupe, benchi la mbele likauliza kwa nini babu kavaa nywele za kondoo. Swali zuri, nikaona, swali linalostahili jibu kamili. Nikawaeleza asili ya mawigi katika mahakama za Kiingereza, maana yake kwa jamii, na kama kweli mamlaka yanatoka kwenye wigi au kwa mtu aliyelivaa. Nilikuwa nimefika pazuri sana Shija alipopiga kelele: "Dada! Mtu kahukumiwa kunyongwa, wewe unatusomesha nywele!"

Nikageuka. Kweli, mtu alikuwa anatolewa nje, mama yake analia, na mimi sikujua kosa lake.

Maduhu alininyang'anya kipaza sauti kwa upole, akasema na ukumbi: "Ndugu zangu, huyu mliyemwona anatoka ameiba ng'ombe kumi na wawili wa bibi yake." Watu wote wakasema, "Aaa," kwa pamoja. Filamu yenyewe ilihusu hati za nyumba. Lakini mkiwa wakweli mtakubali kwamba kilio cha yule mama kilianza kueleweka.

Jioni ile ile nilimhoji. Ndiyo tabia yangu. Nilimhoji padri aliyenibatiza. Nilimwambia Maduhu kuwa anachofanya si kutafsiri. Akanijibu kwa kitu ambacho nawapa nyinyi bure, ingawa mimi kilinichukua mwaka mzima kukiamini. "Unaposema, unatazama wapi?" Nikasema natazama skrini, wapi kwingine? Akatikisa kichwa. "Mpiga mnada hamtazami ng'ombe. Ng'ombe anajijua. Tazama wanunuzi."

Nilimchunguza siku iliyofuata. Ni kweli: Maduhu alitafsiri filamu nzima akiwa ameipa skrini mgongo. Aliangalia nyuso za watu, na kutoka kwenye nyuso hizo alijua nani kaingia, nani kachomoa bastola, nani kambusu nani. Wakicheka kabla hajasema, alinyamaza. Wakikunja uso, aliwaeleza. Mtoto akilala begani kwa mama, alipunguza sauti hata kama kwenye filamu nyumba inaungua. Nyinyi wa chumbani nawauliza: mnamtazama nani?

Na mengine madogo ya kazi: maji yawe ya vuguvugu, soda kamwe. Mahindi ya kuchoma msile kabla ya kazi, punje moja ikikaa kooni mtamuua mtu asiye wa kufa. Filamu itazameni mara moja peke yenu kabla ya kuisema. Mimi nilitazama mara tatu, nikaharibu, kwa sababu ukishajua kila kitu unaanza kuwaambia watu mambo ya mbele. Na majina ya Kizungu yanayofanana yabadilisheni mapema. Niliwahi kuacha ndugu wawili na majina yao halisi, na hadi leo kuna watu wa Bariadi wanaoamini kuwa mtu alimwoa mara ya pili mke wake mwenyewe.

Turudi kwa Mayunga. Ndani ya mlango wa kibanda, Maduhu alikuwa ameandika kwa mkaa orodha ya kazi tano bora za mzee huyo. Ilikuwepo kabla sijafika, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nafasi ya tano ilikuwa ya mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Hapo sina ugomvi. Ni dakika sita tu: anaingia behewani, anamkuta jambazi mwenye bunduki, anamdai tiketi. Jambazi anamwelekezea bunduki, yeye anatazama bunduki kama mtu aliyepewa tiketi ya jana, halafu anasubiri. Jambazi anaanza kupapasa mifuko! Kondakta mmoja wa basi la Lamadi aliniambia kuwa ile ndiyo filamu pekee ya Kizungu aliyowahi kuiamini.

Ya nne, daktari wa meno anayeua watu. Maduhu aliipenda kwa sababu ukumbi mzima ulishika mashavu. Mimi niliishusha hadi ya saba. Kumtisha mtu kwa kekee ya meno si kuigiza, hata kekee yenyewe ingeweza. Ya tatu ni mchungaji anayemzika mtu asiye mwenyewe, na katikati ya mahubiri anagundua, na anaendelea, kwa kuwa wafiwa wameshalia vizuri na si haki kuwarudisha mwanzo. Pale Mayunga anacheza kwa nyusi peke yake. Hapo tulikubaliana na Maduhu, tukapeana mikono, na sikuwahi kupeana naye mkono tena juu ya jambo hilo.

Kwa sababu namba moja yake ilikuwa yule hakimu wa nywele za kondoo, mtumishi akiwa wa pili kwa mbali, na mimi nilisema wa kwanza ni mtumishi.

Filamu ya mtumishi ilikuwa haipendwi. Mayunga ni mtumishi mkuu wa jumba fulani kubwa, na kila jioni anaandaa kiti kimoja cha ziada mezani, cha mtoto wa nyumba aliyekwenda vitani. Wenye nyumba wenyewe wameshaacha kusubiri. Yeye anaandaa tu: sahani, kijiko, kitambaa. Miaka inapita. Siku moja yule kijana anaingia, anakaa kwenye kiti kana kwamba alitoka kuoga, anasema, "Chai." Mayunga anamimina. Na mkono ambao haujatikisika filamu nzima unatikisika, chai inamwagika kwenye kitambaa. Basi. Katika saa mbili anasema sentensi kumi na moja, nilizihesabu, na tano kati ya hizo ni "Ndiyo, bwana."

"Hiyo ni filamu ya mtu kupanga meza," alisema Maduhu.

"Na yako ni filamu ya kwako. Yule hakimu, pale anapomhukumu rafiki yake wa utotoni, anasema maneno manne tu. Manne, Maduhu! Wewe unasema dakika tano. Unaweka ng'ombe, unaweka mjomba, unaweka methali. Mdomo wake umefungwa kabisa!"

"Anasema moyoni."

"Kwa Kiswahili?"

"Moyoni hakuna lugha, mwanafalsafa."

"Kwa hiyo hatumpimi Mayunga. Tunakupima wewe."

Maduhu alikunywa chai yake ya tangawizi. "Na wewe unayenyamaza ili asikike, unampima nani? Watu hawajui Kiingereza. Ukinyamaza wanasikia spika inakoroma."

Ugomvi ulihamia kwa wateja. Mafundi baiskeli walikuwa wa Hakimu, wauza dagaa wakawa wa Mtumishi, kwa sababu, walisema, wao wanajua maana ya kumpangia sahani mtu asiyerudi. Shija alikuwa wa pande zote, kutegemea aliyemnunulia karanga.

Wakati huo kibanda kilikuwa kinakonda. Kila mtu alikuwa na simu, na vijana walianza kutazama filamu juu ya bodaboda wakisubiri abiria. Siku moja ya mwisho wa msimu wa pamba Mama Kashinje alituita, akafunga mlango, akakaa kwenye benchi la mbele ambalo hakuwahi kulikalia.

"Kibanda hiki hakibebi tena wasemaji wawili," alisema. "Mmoja atabaki. Nimekosa namna ya kuchagua. Maduhu ni mtu wangu wa siku zote, na Minza ndiye aliyewarudisha wateja waliosoma. Nikichagua kwa moyo nitaonea, nikichagua kwa akili nitaonea. Kwa hiyo mtachezeana."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwetu, pamba ikishavunwa, vikundi viwili vya ngoma huingia uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye karatasi. Watu wenyewe ndio alama, wanahukumu kwa miguu. Kikundi kinachokimbiliwa kimeshinda, na kingine kinabaki kinachezea vumbi. Ndiyo maana wachezaji huleta chochote: chatu shingoni, fisi wa kamba, mtu wa ngongoti. Njia haiulizwi. Kinachoulizwa ni watu wamekwenda wapi.

Mama Kashinje alipanga hivi. Maduhu na hakimu wake watabaki kibandani. Mimi na mtumishi wangu tutakuwa kwenye ghala la pamba lililo mkabala, limeshakuwa tupu, ua mmoja tu katikati. Jumamosi, saa tisa alasiri, kiingilio hakuna, mtu anaruhusiwa kuvuka ua mara apendavyo. Mama akigonga rimu ya gari iliyoning'inia mlangoni, milango inafungwa na vichwa vinahesabiwa. Mwenye vichwa vingi anabaki na kipaza sauti.

Nataka mjue kwamba nilikitaka kipaza sauti kile. Nawaambia kwa sababu baadaye kuna watu walisema nilimwachia Maduhu. Sikumwachia. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, baba yangu alikuwa ameacha kuuliza kuhusu msimu wa falsafa, na mahali pekee duniani nilipofungua mdomo watu wakakaa kimya ni pale. Nililala nikishinda na kuamka nikishinda.

Ijumaa Shija alinifuata akinong'ona kama mpelelezi. "Dada, Maduhu kaenda kutafuta dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mvuto. Kachupa keusi. Nimekaona kwa macho yangu."

Mimi siamini dawa za mvuto. Hata hivyo nilikwenda kumuuliza, kwa ajili ya utafiti. Nilimkuta Maduhu nyuma ya kibanda, kachupa mkononi, anameza na kukunja uso.

"Ni kweli hiyo ni dawa?"

"Ni kweli."

"Ya kuvuta watu?"

"Ya koo." Akanipa ninuse: asali, tangawizi na kitu kichungu cha hospitali. Wakamwambia huko kwamba apumzishe sauti mwezi mzima, la sivyo siku moja itakatika kama kamba ya kisima. "Usimwambie Mama," alisema. "Atanionea huruma, nami sitaki kushinda kwa huruma."

Sikumwambia. Na sitawaficha, kuna pembe moja ya roho yangu ilipiga hesabu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nimehubiri kwamba kazi nzuri ya mwigizaji inajiuza yenyewe. Jumamosi asubuhi nilipokea kutoka kwa mama yangu kule Sola beseni kubwa la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Nililiweka karibu na mlango wa ghala. Wachezaji ngoma wanaleta chatu. Mimi nilileta beseni.

Maduhu alipita ua kuja kunisalimia, akaliona. "Mwadila, mwanafalsafa. Mayunga kawa mpishi?"

"Ni ukarimu wa kawaida."

"Naona. Ukarimu una foleni."

Foleni ilikuwepo. Tulipoanza, ghala langu lilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia, na kibandani kwa Maduhu walibaki mafundi baiskeli tu. Kila mtu kwangu alikuwa anatafuna. Nilisema sentensi zangu chache kwa sauti ya chini, nikawaacha wamtazame mzee anavyopanga kijiko, anavyokisogeza kidogo, anavyokirudisha. Sijui kama walitazama. Michembe ina kelele yake.

Beseni lilipoisha, wakaanza kusikia.

Walichosikia ni Maduhu. Bati halizuii sauti ya mnadani. Upande wa pili wa ua hakimu alikuwa anafika kwenye hukumu, na Maduhu alikuwa anapanda naye. Mtu mmoja akajinyoosha kama anayekwenda kujisaidia, hakurudi. Wakafuata wawili. Shija akanipungia mkono kwa heshima, akasema, "Dada, nakwenda kuangalia toyo yangu," na nikamwona kwa macho yangu akiipita toyo. Bado nilikuwa na wengi, labda nusu kwa nusu, na kiti cha ziada kilikuwa kimeandaliwa kwa mara ya mwisho. Chai ilikuwa inakaribia. Nikajiambia: wakibaki hadi chai, nimeshinda.

Ndipo sauti ya Maduhu ikakatika.

Haikushuka. Ilikatika katikati ya maneno. "Na mimi leo, rafiki yangu, nakwambia..." halafu kimya. Nilisubiri kikohozi. Nilisubiri ule mguno wake wa kutafuta neno. Kimya. Spika yake ilikuwa inakoroma peke yake ng'ambo ya ua, na hakuna mtu aliyecheka, hakuna aliyepiga mluzi, watu wote wale hakuna hata sauti moja. Kwenye kibanda umiza kimya cha namna hiyo hakipo. Kikitokea, kuna mtu kaanguka.

Sikufikiri. Mtu mwenye shahada yangu, sikufikiri hata kidogo. Nilitoka mbio.

Nilichosahau ni kipaza sauti. Kilikuwa kile kisicho na waya, cha kuazima kanisani, nami nilikuwa bado nimekishika mdomoni. Kwa hiyo ghala lote la pamba lilisikia kupitia spika mbili kubwa pumzi zangu, ndala zangu, na mimi nikilia: "Maduhu! Maduhu, jamani, uko hai?" Nani angebaki? Walitoka wote nyuma yangu, wauza dagaa, wanawake na watoto, wengine na michembe mkononi, tukavuka ua kama kundi lililosikia fisi, tukaingia kibandani kwa kusukumana.

Maduhu alikuwa amesimama. Mzima. Kipaza sauti kilikuwa kimening'inia kiunoni, kwenye mkono wake ulionyooka. Na alikuwa ameupa ukumbi mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Maduhu alikuwa anatazama skrini.

Kule juu hakimu alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa kona ya joho, akaivaa, akamtazama rafiki yake, akaivua tena, kwa sababu alikuwa anamwona vizuri mno. Halafu akalivua wigi na kuliweka mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. Kichwa chake kilikuwa na nywele chache za mzee yeyote. Mdomo ukatetemeka bila kutoa kitu. Nimeitazama filamu ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na naapa sikuwahi kuiona hiyo, kwa kuwa kila mara hapo palikuwa na ng'ombe na mjomba.

Nyuma yangu rimu ikagongwa. Mlango ukafungwa.

Mama Kashinje alihesabu mara mbili kwa sababu ya msongamano, na mara zote mbili mimi nilikuwa mmoja wa waliohesabiwa kwa Maduhu. Kisha akavuka kwenda ghalani kwa ajili ya haki. Huko alikuta mtu mmoja, mzee wa Lingeka aliyekuja mjini kuuza ng'ombe, amekaa wima juu ya gunia, fimbo katikati ya magoti.

"Mwadila, baba," Mama akamwambia. "Wenzako wamehama."

"Nyamaza, mayu," alisema mzee. "Huyu mtumishi amemwaga chai."

Hiyo ndiyo kura yangu. Moja. Haikununuliwa, kwa maana michembe hakula, hana meno.

Kwa hiyo, kwa wale wawili wa vyeti, na kwa yeyote anayetaka orodha ya kuandika ukutani: mkaguzi wa tiketi wa nne, mchungaji wa tatu, daktari wa meno mtoeni kabisa. Namba moja ni mtumishi, na sibadilishi kwa sababu ya kushindwa. Kuhesabu watu hakujawahi kuthibitisha kitu zaidi ya kwamba watu wapo. Hakimu ni wa pili, kwa tofauti ya pumzi moja. Mwaka kabla ya ile Jumamosi nisingempa hata ya sita. Nilikuwa sijamwona.

Lakini kuna swali moja sijapata jibu, na limenikera kuliko yote niliyosomea. Watu walipokwisha kutoka, na Shija alipokwisha kunieleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa wa Hakimu, nilimkuta Maduhu anakunja waya wake. Nilikuwa nimeshalia kidogo nyuma ya ghala na kunawa uso.

"Niambie ukweli," nikamwambia. "Ulinyamaza kwa makusudi? Ulinisikiliza, ukaamua kumwachia Mayunga aseme mwenyewe?"

Alifunga fundo la waya.

"Au koo lilikatika?"

Akafunga la pili.

"Au ulijua nitadhani umeanguka? Maduhu, ulijua nitakuja?"

Akaweka waya begani, akanitazama kuanzia kichwani hadi chini, bila haraka, kama siku ile ya kwanza. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka ndogo sana, ya kukwaruza, ikabidi nisogee karibu ili nisikie.

"Wewe ulikuja," alisema, "au hukuja?"